Makombe ya Tendaguru

Likitajwa jina la Tendaguru, watu humzungumzia mjusi. Hata bungeni Dodoma aliyetajwa ni yeye, yule dinosaria wa kimo cha zaidi ya mita 13 aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937. Mimi ni mtu wa kusini, nami namwonea fahari. Lakini katika shehena ile kinachonishughulisha zaidi ni makombe (si yale ya mpira).

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913, Vita vya Maji Maji vikiwa vimetoka tu kuisha, Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba huko kwa mikono ya mamia ya watu wetu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilishuka hadi Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi. Humo ilikuwamo mifupa, na pia makombe na konokono waliogeuka mawe.

Mfupa peke yake haukuweza kutaja umri wake. Pale Tendaguru matabaka ya mifupa yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari kama mistari ya kikoi, maana bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena. Kila ilipopanda iliacha viumbe wasio na uti wa mgongo: amonaiti, belemnaiti, trigonia. Kwa kuwalinganisha hao na wenzao wa nchi nyingine, wataalamu walijua kuwa mjusi aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Shahidi wake ni kombe.

Tabaka moja walilipa jina la trigonia smeei, kombe lililoelezwa kwanza mwaka 1840 kutoka Kutch, India. Siku hizi la kwetu huhesabiwa aina ya pekee, lakini ni ndugu. Kutch! Sisi twawajua Wakachi waliokuja pwani kwa majahazi na pepo za kaskazi, kumbe makombe yalitangulia, wakati India ilipokuwa jirani, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari.

Kuhusu kumrudisha mjusi, husemwa kuwa gharama ni kubwa na utaalamu hatuna. Haya. Na makombe je? Mengi yaenea kiganjani. Naomba droo moja tu ije Lindi, mwanafunzi alishike trigonia mkono mmoja, na mkono wa pili kombe aliloliokota ufukweni asubuhi ile, ahesabu mifuo.