Kanali na Herufi Zake Bubu

Mtu aliyejifunza Kiingereza vitabuni hana namna ya kujua kwamba "colonel" hutamkwa sawasawa na "kernel", neno la kiini cha kokwa. Katika "colonel" hakuna r hata moja, lakini Mmarekani akilitamka utaisikia r wazi kabisa, pale pale ambapo l ya kwanza imekaa bila kazi. Sisi tumeponea kwa bahati. Tunasema kanali, na kanali ndivyo tunavyoandika, kwa sababu neno hilo liliingia kwetu kwa mlango wa sikio. Ndivyo alivyoingia pia sajini. Waingereza huandika "sergeant" kwa e lakini hutamka a, na Kiswahili kikaichukua hiyo a bila kuuliza karatasi inasemaje.

Chanzo cha mvurugano wa kanali kiko Italia. "Colonnello" alikuwa mkuu wa safu ya askari, na safu kwa Kiitaliano ni "colonna". Neno lilipovuka kwenda Ufaransa, ndimi zilikataa kubeba l mbili zilizokaribiana namna ile. Ya kwanza ikageuka r, likawa "coronel". Waingereza walilipokea hivyo hivyo katika karne ya 16. Kisha wasomi wao wakaanza kutafsiri vitabu vya kivita vya Kiitaliano, wakaikuta l, wakaona ndiyo yenye heshima. Kwa muda mrefu maumbo yote mawili yalitumika bega kwa bega. Mwishowe kalamu ikachukua l, ulimi ukabaki na r, na hakuna aliyeitwa kusuluhisha. Wafaransa wenyewe walirejea kwenye l, kwa maandishi na kwa matamshi, ndiyo maana kwa Waswahili wa Kongo utasikia kolonele. Wahispania wamebaki na r yao mpaka leo, na wanaiandika.

Huku kwetu mtu akisema "habali za asubuhi" hachelewi kuchekwa, ataulizwa ametoka kijiji gani. Basi na akumbuke kwamba kosa lile lile la l na r limevaa nyota na taji mabegani mwa maofisa wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 300, na hakuna anayelicheka.

Luteni ana mkasa wake. Mwingereza humwita "leftenanti", kwa f ambayo haionekani popote katika "lieutenant". Mmarekani husema "lutenanti". Wataalamu wamependekeza asili kadhaa za hiyo f, lakini hakuna hata moja iliyokubaliwa na wote. Sisi, tuliotawaliwa na Waingereza, tuna luteni, anayefanana zaidi na wa Marekani.

Katika herufi nyingi bubu za Kiingereza, wa kulaumiwa ni wasomi waliotaka kila neno lionyeshe kwamba babu yake ni Mlatini. "Debt", yaani deni, lilitoka Ufaransa likiwa "dette", na mshairi Chaucer katika karne ya 14 aliliandika bila b. Wakaja watu waliojua kwamba Kilatini kina "debitum", wakaichomeka b katikati. Hakuna aliyewahi kuitamka. P ya "receipt" ilipachikwa kwa mtindo huo huo. "Indict", kumfungulia mtu mashtaka rasmi, hutamkwa "indaiti". C yake ni pambo tu la Kilatini. Wakili kijana anayelisema "indikti" mbele ya hakimu amesoma sawa na ameonekana hajui, kwa wakati mmoja.

Lililoonewa kuliko yote ni "island". Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake la asili la kisiwa, "igland", lisilo na s wala asili yoyote ya Kilatini. Ila karibu yake palikuwa na "isle", lililotokana na "insula" ya Kilatini kupitia Kifaransa, na wajuaji wakadhani hao ni ndugu. S ikahamishiwa kwenye "island", na hapo imeganda. Mtoto wa watu kapewa ukoo usio wake, na kila mwanafunzi duniani anaukariri.

Baharini mambo ni tofauti, maana huko waliokata maneno ni mabaharia wenyewe. "Boatswain", msimamizi wa mabaharia na kazi za sitahani, huitwa "bosuni". "Forecastle", sehemu ya omoni walikolala mabaharia, ni "foksoli", na "gunwale", ukingo wa juu wa ubavu wa chombo, ni "ganeli". Maneno haya yalipigiwa kelele juu ya upepo, na neno refu halifai wakati tanga linachanika. Masurufu ya safari ni "victuals", soma "vitolzi". Ukifika bandarini unafunga kwenye "quay", gati, ambalo hutamkwa "kii" kama ufunguo. Zamani liliandikwa kwa namna inayoeleweka, kisha mtu akaona tahajia ya Kifaransa inapendeza zaidi.

Kwa majina ya mahali na ya watu hakuna kanuni ya kushika. Mashabiki wa kandanda wa Dar es Salaam na Nairobi wanajua kwamba Leicester ni "Lesta", hasa baada ya timu hiyo kutwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, lakini wangapi wangekisia kwamba Worcester ni "Wusta"? Kenya ina mfano mkali zaidi. Bwana Delamere, mlowezi maarufu wa Bonde la Ufa aliyefariki mwaka 1931, jina la ukoo wake lilikuwa Cholmondeley. Lina herufi kumi na mbili, na linatamkwa "Chamli".

Waingereza wenyewe hukwama. Mwaka 1926 BBC iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji namna ya kutamka maneno yenye utata, na mmoja wa wajumbe alikuwa mwandishi George Bernard Shaw, ambaye baadaye katika wosia wake aliacha fedha za kubuni alfabeti mpya kabisa ya Kiingereza. Alfabeti ikapatikana, kitabu kimoja chake kikachapwa nayo mwaka 1962, na Waingereza wakaendelea kuandika "debt".

Hata hivyo si kila mara sikio hushinda. L ya "fault" ilichomekwa na wasomi kama b ya "debt", na watu waliipuuza kwa vizazi vingi. Polepole wakaanza kuitamka kwa sababu tu wameiona imeandikwa, na leo asiyeitamka ndiye anayeonekana mgeni. "Forehead", paji la uso, lilitamkwa "forid" na wakubwa wa zamani. Vijana wa London sasa husema "fohedi", kama lilivyoandikwa. T ya "often" iliyokuwa imezikwa inafufuka, na Waingereza wengi huitamka bila haya. Mwalimu wa Tabora au Kisumu anayesema "oftini" alikuwa akisahihishwa zamani. Siku hizi anayemsahihisha anahitaji kamusi ya zamani pia, kwa kuwa kamusi mpya zinakubali matamshi yote mawili.