Mipaka ya Mbinga na Njia ya Kahawa

Mji wa Mbinga umekuzwa na kahawa, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo hulimwa nje ya mji. Zao hilo liliingia Umatengo, nchi ya Wamatengo, katika miaka ya 1920, likapandwa kwenye milima ambayo watu hao waliikimbilia karne ya 19 kuepuka uvamizi wa Wangoni. Huko walikuwa wamekwisha kubuni kilimo cha ngoro, mashimo yanayozuia udongo usisombwe na mvua kwenye miteremko mikali. Ardhi ile haikukosa mipaka. Mgongo wa mlima ulio kati ya vijito, ambao wenyewe huuita ntambo, ulikuwa chini ya ukoo mmoja, na ukoo ulipata humo makazi, maji na mashamba yake. Ushirika wa Ngoni-Matengo, ulioanzishwa mwaka 1936, nao ulifuata mkondo wa kazi: uliunganisha tumbaku ya Ungoni na kahawa ya Umatengo, bila kujali nani anakaa wapi. Mipaka ya zamani, basi, iliwekwa kwa kuangalia mali inatoka wapi na inaelekea wapi.

Mipaka ya karibuni imefuata hoja nyingine. Mwaka 2012 ufuko wa Ziwa Nyasa ulitengwa na Wilaya ya Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 146,160 Nyasa na 353,683 Mbinga. Kisha mji wenyewe ukapewa halmashauri yake, na katika uchaguzi mkuu wa 2015 kukawa na jimbo la Mbinga Mjini na jingine la Mbinga Vijijini. Hapa ndipo naona tatizo. Kahawa ya Langiro, Maguu na Litembo hukobolewa Mbinga mjini, lakini ushuru wa mazao, ambao sheria ya mwaka 2017 iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ni mapato ya halmashauri ya wilaya kunakotoka zao. Mji unabaki na malori, vumbi, vibarua wa msimu na wagonjwa wao. Makaa ya mawe ya Ngaka, katika kata ya Ruanda, ni mali ya upande huohuo wa vijijini.

Watetezi wa mgawanyo husema huduma zimesogezwa karibu na wananchi. Kwa Nyasa nakubali bila kusita: mvuvi wa Liuli hakupaswa kupanda milima hadi Mbinga kufuata hati au kibali, na uchumi wa ziwa una mahitaji yake. Lakini mkulima wa Mapera hakusogezewa chochote mji ulipotengwa. Soko lake, benki yake na kiwanda chake vingali palepale mjini. Wengine husema mji unahitaji chombo chake cha kupima viwanja na kuzoa taka. Ni kweli, ila chombo kisicho na fungu hakipimi wala hakizoi. Uingereza imelipitia jambo hili. Middlesbrough, iliyopewa hadhi ya manispaa mwaka 1853, ilitajirishwa na chuma cha vilima vya Eston vilivyokuwa nje ya mipaka yake. Mwaka 1968 mji na vilima viliunganishwa katika manispaa ya Teesside. Mwaka 1974 vikatenganishwa tena, Eston ikiwekwa wilaya nyingine.

Mfano huo unaonyesha kwamba kubadili mipaka pekee hakumalizi jambo, kwa hiyo sidai kwamba halmashauri zirudi kuwa moja. Kuvunja kilichokwisha jengwa kuna gharama yake. Ninachodai ni kwamba Mbinga Mji na Mbinga Wilaya zigawane ushuru wa kahawa kwa kanuni iliyoandikwa, inayozingatia mahali zao linapolimwa na mahali linapokobolewa, na kwamba madiwani wa pande zote mbili waanze mazungumzo hayo kabla ya msimu ujao wa mavuno.