Hesabu za darasa la sita: toka mfupa wa Ishango mpaka karatasi ya ENAFEP

Kila mwaka, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukikaribia, biashara ndogo inaamka kwenye vibanda vya fotokopi vya Goma, Butembo na Bukavu. Ni itemu, yaani karatasi za maswali ya miaka iliyopita, zilizofungwa kwa pini. Wazazi wananunua, watoto wanaazimana. Kuna za aina mbili. Za kwanza zina swali na herufi ya jibu tu: namba 1 ni b, namba 2 ni d. Za pili zina swali, na chini yake hesabu yenyewe imefanywa mstari kwa mstari mpaka jibu linatoka. Za kwanza zinakula karatasi chache, kwa hiyo bei yake ni ndogo, na mzazi mwenye franka chache anachukua hizo.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kwa mtoto aliyehama shule mara mbili au tatu kwa sababu ya vita, huenda tofauti ya karatasi hizo mbili ndiyo itakayoamua kama atafika darasa la saba. Na tofauti hiyo ina historia ndefu. Ushahidi wake mmoja ulitoka ardhini hapa hapa Kivu ya Kaskazini.

Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya mbuga ambayo leo inaitwa Virunga. Watu wa zamani walivua samaki mahali pale na kuacha mifupa na vyombo vyao. Kati ya vitu hivyo alipata mfupa wa urefu wa karibu sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe jeupe la kwazi kimechomekwa kwenye ncha. Mfupa ule umechorwa mikwaruzo kwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mikwaruzo 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina makundi madogo zaidi, yakianza na 3 na 6, kisha 4 na 8. Mwenye biki ajumlishe: safu ya kwanza inatoa 60, ya pili 60, ya tatu 48. Umri wake unakadiriwa miaka kama 20 000. Leo mfupa huo uko Brussels, katika makumbusho ya sayansi ya viumbe. Watoto wengi wa Beni na Lubero hawajawahi kuuona hata kwa picha, na hilo nalo lingestahili habari yake peke yake.

Sasa, mikwaruzo ile ilikuwa ya nini? De Heinzelin alidhani ni mchezo wa hesabu. Mtafiti wa Marekani, Alexander Marshack, aliona ni kuhesabu siku za mwezi. Wengine wanasema labda ilikuwa ni ya kushikia tu, ili mkono usiteleze. Tangu siku ile wataalamu wanabishana, kwani aliyechora aliacha namba bila kuacha njia. 3 na 6, 4 na 8, inaonekana kama mtu anayezidisha kwa mbili, lakini hakuna mstari wa kusema alitaka nini. Mfupa huo ni kama itemu zenye herufi tu. Jibu lipo, mwenye kulijua amekwenda nalo.

Misri, karibu miaka 3 500 iliyopita, mwandishi aliyeitwa Ahmes alifanya kinyume chake. Alinakili kwenye karatasi ya mafunjo maswali zaidi ya 80 ya hesabu, na akaweka kazi yake chini ya swali. Karatasi hiyo ilinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sasa iko katika makumbusho ya British Museum, London. Swali moja la mwanzo linauliza: mikate 6 igawiwe watu 10, kila mmoja apate kiasi gani? Ahmes anajibu nusu mkate na moja ya kumi ya mkate. Haishii hapo. Anaichukua sehemu hiyo, anaizidisha hatua kwa hatua mpaka watu 10, na inarudi mikate 6. Mahali pengine anaonyesha pia namna ya kulitafuta jibu: weka namba ya kujaribu, angalia inatoa nini, kisha rekebisha.

Mama yeyote aliyesimama kwenye mstari wa mgao wa chakula anaelewa swali lile bila kufundishwa. Nusu mkate mara watu 10 ni mikate 5. Moja ya kumi mara watu 10 ni mkate 1. Jumla 6, hakuna aliyeibiwa. Na kwa kuwa Ahmes aliandika njia, mtu wa leo anaweza kumfuata na hata kumsahihisha.

Katika Kongo ya Wabelgiji, shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni. Mpango wa mwaka 1929 uliweka daraja la kwanza la miaka miwili na daraja la pili la miaka mitatu. Watoto walianza kwa lugha za kwao, na sehemu za mashariki mara nyingi kilikuwa Kiswahili. Mageuzi ya mwaka 1948 yaligawa daraja la pili: kulikuwa na la kawaida, na lingine la waliochaguliwa, ambao walitayarishwa kwa shule ya sekondari. Toka hapo mtoto wa miaka kumi hivi alianza kupimwa kama ataendelea au atarudi shambani. Vitabu vilikuwa vichache. Kitabu cha mtoto kilikuwa kaye yake. Mwalimu aliandika mfano ubaoni ukiwa umefanywa mpaka mwisho, watoto wakaunakili, kisha akatoa swali linalofanana wafanye wenyewe. Wazee waliosoma wakati ule bado wanakumbuka utaratibu wa kaye: data upande mmoja, operesheni katikati, jibu limepigiwa mistari miwili. Fimbo nazo wanazikumbuka, lakini utaratibu ule ulikuwa mzuri.

Baada ya uhuru, programu ya mwaka 1962 ilileta Kifaransa toka darasa la kwanza. Baadaye lugha za taifa zilirudi kwenye madarasa ya mwanzo, lakini mtihani wa mwisho umebaki Kifaransa. Hapa kuna shida ambayo wazazi wengi hawaioni. Mtoto anaweza kujua kabisa kwamba gunia lenyewe lina uzito wake, kwa sababu amemwona mama yake akibishana sokoni juu ya mizani. Lakini akikuta kwenye karatasi « poids brut », « tare » na « poids net », anasimama. Hesabu anaijua, maneno ndiyo yanamfunga. Hesabu iliyofanywa mstari kwa mstari inamwonyesha kwa macho neno gani linatolewa katika neno gani: uzito wa jumla, toa uzito wa gunia tupu, unabaki uzito wa mali yenyewe. Herufi b haimwambii lolote kati ya hayo.

Herufi zenyewe zilikujaje? Mtihani wa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa ulianza Marekani, katika jimbo la Kansas, mwaka 1915 hivi, pale Frederick Kelly alipotafuta namna ya kusahihisha haraka na kwa usawa. Kongo ilianza Mtihani wa Serikali wa sekondari mwaka 1967, na maswali ya kuchagua yakawa desturi. Shule ya msingi ilipata TENAFEP, ambayo miaka hii inaitwa ENAFEP. Kwa nchi kubwa kama hii, yenye watahiniwa wengi hivyo, sababu inaeleweka. Mwalimu wa Walikale na mwalimu wa Kinshasa wanasahihisha sawa. Lakini karatasi inayouliza jibu peke yake imewafundisha watu kutafuta jibu peke yake, na hapo ndipo itemu za herufi zilipopata wateja.

Chukua mfano wa namna maswali hayo yanavyotungwa. Mfanyabiashara ananunua magunia 8 ya makala ya kupikia, kila gunia franka 80 000. Anamlipa mwenye chukudu franka 40 000 kwa kuyafikisha sokoni. Anauza kila gunia franka 95 000. Faida yake ni ngapi?

Bei ya kununua: 80 000 mara 8 ni 640 000.
Pamoja na chukudu: 640 000 na 40 000 ni 680 000.
Bei ya kuuza: 95 000 mara 8 ni 760 000.
Faida: 760 000 toa 680 000 ni 80 000.

Mtungaji mwerevu ataweka pia 120 000, ambalo ni jibu la aliyesahau chukudu. Ataweka 160 000, la aliyejumlisha pesa ya chukudu badala ya kuitoa. Ataweka 15 000, la aliyefanya gunia moja akasahau mengine saba. Kwa hiyo yale majibu ya uongo nayo yana njia zake, na mtoto aliyefuata mistari minne hapo juu anaweza kuona mwenzake amejikwaa wapi. Aliyekariri kwamba jibu ni c hana kitu siku magunia yakiwa 9.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1985, Australia, John Sweller na Graham Cooper walilinganisha wanafunzi waliopewa hesabu zilizokwisha kufanywa wazisome na wale walioachiwa maswali wahangaike nayo tangu mwanzo. Wale wa kwanza walitumia muda mfupi zaidi na kwenye maswali yanayofanana walikosea kidogo. Miaka minne baadaye, Michelene Chi na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba wanaofaidika zaidi ni wale wanaojieleza kila mstari: kwa nini hapa amezidisha, kwa nini hapa ametoa. Kusoma kwa macho tu na kusema « nimeelewa » hakutoshi. Na wengine wakaona kwamba mtoto akishakuwa hodari, kuendelea kumpa kazi iliyofanywa kunamchelewesha.

Elimu ya msingi bila malipo imeandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, na ilianza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019. Watoto walijaa madarasani, jambo la furaha, lakini mwalimu wa wanafunzi mia hawezi kufungua kaye mia kila jioni. Mwaka uliofuata Korona ilifunga shule, na masomo yakapitia Radio Okapi. Redio haina ubao. Mwalimu wa redioni alilazimika kutamka kila hatua: andika hivi, weka hapa, sasa toa. Wazazi waliosikiliza pamoja na watoto walijifunza upya hesabu walizoziacha zamani.

Kisha, mwisho wa mwaka 2021, vita vya M23 vilirudi Rutshuru, vikapanda Masisi. Familia zilijenga vibanda vya maturubai Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Mwanzoni mwa 2025 kambi zile za pembeni ya Goma zilivunjwa, watu wakabeba tena mizigo. Katika kuhama namna hiyo ubao unabaki, madawati yanageuka kuni, mwalimu anakimbilia upande wake. Kaye inaingia ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za ubatizo na za kura. Kaye ya kaka aliyemaliza darasa la sita mwaka jana, yenye hesabu zilizofanywa vizuri, inaweza kufundisha mdogo wake hata pale ambapo hakuna shule. Mama ambaye hakuvuka darasa la nne anaweza kuisimamia, kwa sababu mistari yote iko mbele yake.

Anachohitaji ni kipande cha karatasi cha kufunikia. Mtoto anasoma swali, anaeleza kwa Kiswahili linataka nini. Mama anafunua mstari wa kwanza, anauliza: kwa nini hivi? Mtoto akijibu, wanashuka wa pili. Baada ya mifano miwili au mitatu ya aina moja, anafunika mstari wa mwisho na mtoto anaujaza mwenyewe. Kesho yake anafunika miwili ya mwisho. Ikifika siku mtoto anafanya yote, mfano unawekwa kando na magunia yanageuzwa kuwa madumu ya mafuta, na bei za soko la juzi.

Itemu nyingi zinazouzwa zina makosa, kwani zimechapwa haraka na watu wasiojulikana. Zenye herufi tu zikikosea hakuna wa kujua. Zenye mistari, mtoto anayefuata atakwama mahali fulani, na aanze kwa kufanya kama Ahmes na mikate yake: arudishe jibu mwanzoni. Faida 80 000, pamoja na chukudu 40 000, pamoja na magunia 640 000, inatoa 760 000, na gunia moja linarudi 95 000. Kama hairudi, karatasi ndiyo imekosea, na mtoto aandike pembeni kwa biki.