Tope kama Hati: Rusizi, Maziwa Mawili na Kipimo cha Mafuta ya Kale

Mto Rusizi ukishatoka Ziwa Kivu hupita chini ya vilima vya Mururu na kuteremka kwa nguvu, kutoka mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Njia hiyo si ya kale sana. Volkano za Virunga ziliziba mkondo uliokuwa ukielekea kaskazini, Kivu ikajaa, na takriban miaka 10,000 iliyopita ikafurikia kusini. Hakuna aliyeliandika tukio hilo. Tope la maziwa ndilo lililolihifadhi. Nashikilia kwamba tope hilo ni hati ya urithi wetu, mradi tulihoji kwa ukali uleule tunaozihoji barua za wakoloni.

Miongoni mwa waandishi wa hati hiyo ni arkea, vijiumbe ambavyo utando wao umejengwa kwa lipidi zenye pete za kaboni. Joto la maji likipanda, pete huongezeka. Kijiumbe kikifa, lipidi zake huzama na kudumu maelfu ya miaka. Mwaka 2002 Stefan Schouten na wenzake nchini Uholanzi walitumia uwiano wa lipidi hizo kuunda kipimo cha joto kiitwacho TEX86. Mafuta hukamuliwa topeni kwa viyeyushi, hutenganishwa, kisha spektrometa ya masi huzipa molekuli chaji ya umeme na kuzihesabu kwa uzito wake. Kazi ni nyeti mno: pete moja zaidi hupunguza hidrojeni mbili tu kwenye uzito wa takriban 1,300. Na kwa kuwa baadhi ya atomu za kaboni ni nzito kwa asili, molekuli yenye kaboni 86 huweza kuhesabiwa mahali pa jirani yake iwapo hazikutenganishwa vizuri.

Kwa njia hii Jessica Tierney na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba joto la Tanganyika mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na kifani katika miaka 1,500. Mwenye shaka ana hoja nzito: ulinganisho uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa sampuli ileile, ikipimwa na maabara tofauti, huweza kupishana kwa nyuzi 3 hadi 4. Lakini hoja hiyo inagusa zaidi namba kamili kuliko mfuatano. Sampuli zote zikipimwa kwa mashine moja, tofauti baina yake hukaribiana zaidi na ukweli, na vipimo vya kipimajoto ziwani tangu mwaka 1913 navyo vinaonyesha joto likipanda.

Kivu kwenyewe nasita. Kina chake kimejaa methani, na arkea wanaohusiana na gesi hiyo hutengeneza lipidi za jamii hiyohiyo. Mmomonyoko wa vilima nao huleta lipidi za udongo. Kuchukua kanuni ya Tanganyika na kuipachika Kivu ni kosa. Ndiyo maana watafiti wanapaswa kuchapisha hesabu ya kila lipidi, si joto pekee: kanuni za kugeuza uwiano kuwa nyuzi zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, na anayebakiwa na namba ya mwisho tu hana cha kukokotoa upya.