Njia ya Moshi na Kimbilio la Rabai

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa imegawanyika katika tawala nyingi za Wachaga, kila moja chini ya mangi, yaani mtawala wake, na vita baina yao, hasa baina ya Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho, viliacha mateka waliouzwa kwa misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ili kupata bunduki, baruti na nguo. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Njia ya Mombasa ilipita Taveta na Taita na kukaribia pwani huko Rabai, kituo cha misheni ya Kianglikana ambako mmisionari Johannes Rebmann alianzia safari yake ya mwaka 1848, alipoiona theluji ya Kilimanjaro.

Huko Rabai ndiko alikofanya kazi William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na Waingereza na kulelewa katika shule ya misheni huko Nasik, India, pamoja na wenzake walioitwa Waafrika wa Bombay. Alifika Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, aliyekuwa amepanda Moshi mapema mwaka huo kuonana na Rindi, alimpa ushemasi, kisha wakasafiri pamoja kuelekea Buganda; askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki hadi wakafika Rabai Februari 1886.

Hata hivyo, lililo kubwa zaidi katika maisha yake ni watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya mabwana wao wa pwani. Sheria ya pwani ilitambua utumwa, na wakuu wa misheni, kwa kuhofia kushambuliwa, walikataza watoro kupokewa. Lakini Rabai, chini ya uangalizi wa Jones, iliendelea kuwapokea, kuwapa ardhi ya kulima na kuwafundisha, hata mwaka 1888 mabwana wao walipotishia kuivamia. Ni haki kumhesabu miongoni mwa wakombozi wa kweli wa Afrika Mashariki, kwa sababu aliyekwisha kuuzwa mwenyewe hakukubali kwamba amani ya misheni ilindwe kwa kuwarudisha wengine kwenye minyororo. Mgogoro ulimalizwa na George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza, aliyewalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Upande wa Moshi mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliiweka Kilimanjaro chini ya Wajerumani, na Rabai ikabaki upande wa Waingereza. Mwaka 1890 Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao kituo chao cha Bagamoyo kilikuwa kimejengwa juu ya kazi ya kuwanunua watoto watumwa ili wawe huru, walifungua misheni huko Kilema, Kilimanjaro. Serikali ya Kijerumani ilipiga vita biashara ya watumwa bila kuufuta utumwa wenyewe, ikitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 33 baada ya watoro wa Rabai kupewa hati zao.