Maji ya nyumba: Swali ambalo muuzaji na mnunuzi Eastlands hawafai kulipuuza

NYUMBA inapouzwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, maswali ya kwanza huhusu bei, hati ya umiliki na usalama wa mtaa. Mnunuzi hufungua mfereji, huona maji yakitoka, na huridhika. Ni nadra mtu kuuliza maji hayo yametoka wapi na yamebeba nini.

Swali hilo huwa zito zaidi iwapo mwenye nyumba anaishi ng'ambo. Wapo Wakenya walioko Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba wanaomiliki nyumba Umoja, Donholm, Komarock au Buruburu, na ambao huziuza kupitia kwa jamaa au wakili aliyepewa hati ya uwakilishi. Muuzaji wa aina hiyo huenda hajaonja maji ya nyumba yake kwa miaka mingi. Katika kipindi hicho, tangi huenda limepasuka kifuniko, au wapangaji wamehamia maji ya kisima cha jirani kutokana na mgao wa maji ya jiji.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hata hivyo, katika ununuzi wa nyumba, mzigo wa kukagua kwa kawaida humwangukia mnunuzi. Mambo ni tofauti katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Huko, sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2002 inataka maji ya nyumba inayotegemea kisima cha binafsi yapimwe kabla ya mauzo kukamilika, na pande zote mbili zithibitishe kwa maandishi kwamba zimeyaona matokeo. Hakuna kinachowazuia muuzaji na mnunuzi wa Eastlands kufanya vivyo hivyo kwa hiari yao.

Chanzo cha maji

Hatua ya kwanza ni kujua chanzo. Maji ya jiji hutoka hasa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, pamoja na mabwawa ya Sasumua na Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Maji ya Ndakaini husafishwa katika kituo cha Ng'ethu kabla ya kuelekezwa jijini, ambako husambazwa na Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi.

Maji hayo huondoka kituoni yakiwa yametiwa klorini. Hatari huanza njiani. Mitaa kama Umoja na Dandora ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, na tangu wakati huo nyumba za familia moja zimegeuzwa kuwa majumba ya ghorofa. Palipokuwa na familia moja sasa pana familia nyingi zinazotegemea njia zilezile za maji na maji taka. Katika baadhi ya maeneo, mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kiholela hupita ndani ya mitaro.

Mgao nao huongeza hatari. Maji yanapofungwa, msukumo ndani ya bomba hupungua, na bomba lenye ufa linaweza kufyonza uchafu ulio nje. Ndiyo maana maji yanayotoka kwanza baada ya siku kadhaa za ukavu hayafai kunywewa wala kujazwa tangini kabla ya kuachwa yatiririke hadi yawe maangavu. Maji hayo ya kwanza yanaweza kutumiwa kusafisha choo.

Chanzo cha pili ni visima virefu, ambavyo ni vingi Embakasi, Pipeline na Kayole. Wakazi huyaita maji yake maji ya chumvi kwa sababu ya ladha yake na kwa kuwa sabuni haitoi povu kwa urahisi. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mnunuzi ana kila sababu ya kuomba kukiona. Chanzo cha tatu ni wachuuzi wa mikokoteni na malori, ambao si rahisi kujua walikoyateka maji yao.

Maangavu si salama

Kosa la kawaida ni kuyahukumu maji kwa macho. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani katika gilasi. Nairobi ilikumbwa na mlipuko wa kipindupindu mwaka 2017, na ugonjwa huo ukarejea nchini mwishoni mwa mwaka 2022.

Madini ya floraidi pia hayana rangi, harufu wala ladha. Miamba ya volkano iliyo chini ya Nairobi huyaachilia madini hayo ndani ya maji, hivyo visima vingi vya jiji huwa na kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokunywa maji ya aina hiyo wakati meno yao ya kudumu yangali yanaundwa hupata madoa ya kahawia yasiyotoka. Kiwango kikiwa cha juu sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Familia inayohamia nyumba mpya ikiwa na mtoto wa miaka miwili ina sababu ya kulijua hilo kabla ya kulipa, wala si baada ya meno kuota.

Jinsi ya kupima

Maji yanaweza kupimwa katika maabara ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) au maabara nyingine inayotambuliwa. Vipimo muhimu ni vya aina mbili: vijidudu vinavyoashiria kinyesi, na kemikali kama vile floraidi, chumvi na madini ya chuma. Nyumba yenye mabomba makuukuu inafaa kupimwa risasi pia.

Sampuli ya vijidudu huchukuliwa kwa chupa maalumu inayotolewa na maabara. Mfereji hupanguswa kwa dawa, maji huachwa yatiririke kwa dakika chache, kisha chupa hujazwa bila kuguswa mdomo wake. Inapaswa kuwekwa mahali baridi na kufikishwa maabarani mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24.

Ni vyema kuchukua sampuli mbili: moja karibu na mita, kabla maji hayajaingia tangini, na nyingine katika mfereji wa jikoni. Ikiwa ya kwanza ni safi na ya pili imechafuka, tatizo limo katika tangi au mabomba ya nyumba, na mwenye nyumba anaweza kulirekebisha. Tangi humwagwa maji, husuguliwa, hutiwa klorini kwa kipimo kilichoelekezwa, kisha husuuzwa na kufunikwa vyema. Ikiwa zote mbili zimechafuka, tatizo linaanzia nje ya ua na linafaa kuripotiwa kwa kampuni ya maji.

Kila tatizo na dawa yake

Kuchemsha huua vijidudu. Inatosha maji yatokote kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi wala chumvi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hubaki sufuriani na kiwango chake hupanda. Mzazi anayechemsha maji ya kisima kwa bidii kila siku huenda anamkinga mwanawe dhidi ya kuhara huku meno yakiendelea kuharibika.

Klorini ya kutibu maji, inayouzwa madukani, nayo huua vijidudu vingi. Hutumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na maji huachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yenye matope yanapaswa kuachwa yatuame au kuchujwa kwanza kwa sababu uchafu hupunguza nguvu ya dawa.

Asiye na fedha za makaa wala dawa anaweza kutumia jua. Maji maangavu hujazwa katika chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, na kuanikwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu.

Vichujio vya udongo huzuia mashapo na vijidudu vingi, na vile vya makaa maalumu hupunguza harufu na ladha mbaya. Vyote viwili haviondoi floraidi. Kwa hiyo hutumiwa kichujio cha mifupa ya wanyama iliyochomwa, teknolojia ambayo imeendelezwa Nakuru kupitia mradi wa Dayosisi ya Katoliki, au mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba. Mashine hiyo huondoa chumvi pia, lakini hupoteza sehemu ya maji yanayoingia, jambo ambalo ni gharama katika mtaa wenye mgao. Vichujio vyote huchakaa, na visipobadilishwa hukoma kufanya kazi bila kutoa ishara yoyote.

Katika mkataba

Muuzaji aliye ng'ambo anaweza kumtuma mwakilishi wake kupima maji kabla ya kuitangaza nyumba, na kuyaambatanisha matokeo na hati nyingine. Tangi lililosafishwa na karatasi ya maabara havigharimu sana vikilinganishwa na bei ya nyumba, na humpunguzia mnunuzi sababu ya kuvuta bei chini.

Mnunuzi naye aombe taarifa ya akaunti ya maji ili asirithi deni, athibitishe kuwa namba ya mita iliyo ukutani ndiyo iliyo kwenye bili, na ahakikishe bomba halikuunganishwa kinyume cha sheria. Aulize maji huja siku zipi za juma, na tangi hutosha siku ngapi. Majirani na wapangaji hujibu maswali hayo kwa usahihi kuliko dalali.

Iwapo nyumba inategemea kisima, mkataba utaje ni nani anayekimiliki, nani analipia umeme wa pampu, na kama haki ya kuyatumia maji hayo itaendelea baada ya mauzo. Jambo hilo lisipoandikwa, mwenye nyumba mpya anaweza kukuta mfereji umefungwa juma la kwanza, wakati ambapo muuzaji yuko maelfu ya kilomita mbali na fedha zimekwisha kulipwa.