Nyimbo Zetu Zilizovuka Bahari



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma jinsi kwaya yetu ilivyoanza miaka 50 iliyopita, na jinsi ilivyopata sare yake ya kwanza na kinanda chake cha kwanza. Kamati ya jubilii ilituomba sisi wa ofisi ya katibu tuandike juu ya wanakwaya ambao majina yao yamo katika daftari la kwaya lakini leo hamtawaona wakisimama nasi mbele, kwa sababu wako ng'ambo. Tulidhani ni kazi ya kuandika majina na nchi tu. Lakini tulipokuwa tukiandaa sherehe hii lilitokea jambo lililotufundisha, na tungependa kanisa lote lilijue.

Dada yetu mmoja aliyekuwa akiimba alto, ambaye sasa anafanya kazi ya kuwatunza wazee huko Minnesota, Marekani, alitupigia simu usiku. Mama mmoja wa kutoka Bungoma alikuwa amefariki huko. Kila jioni watu wa nyumbani walikuwa wakikusanyika kwa wafiwa, kuomba, kuchanga pesa za kusafirisha mwili, na kuimba. Walitaka kuimba wimbo wa Lubukusu ambao kwaya yetu iliuimba katika mazishi mengi hapa Chwele. Walikumbuka kiitikio, ubeti wa kwanza na wa pili. Ubeti wa tatu ulikuwa umewatoka. "Nyinyi mko nyumbani," alituambia, "tutumieni tu."

Hatukuwa nao. Mzee aliyekuwa akiuanzisha wimbo huo alikwisha kutangulia kwa Bwana. Daftari la nyimbo za zamani lililowa maji stoo ilipovuja, na hakuna aliyelinakili. Jumamosi kwenye mazoezi tuliimba beti mbili, tukafika mahali pa ubeti wa tatu, tukatazamana. Siku mbili baadaye ubeti ulipatikana kwa ndugu yetu wa besi ambaye ni mlinzi Doha, Qatar. Kabla ya kusafiri alikuwa ameirekodi kwaya kwa simu yake, naye husikiliza nyimbo hizo akiwa zamu ya usiku. Kwa hiyo wimbo wa Chwele ulitoka Doha ukaenda Minnesota, kisha ndipo ukaturudia sisi tuliobaki nao nyumbani.

Kwa nini walioondoka walikuwa nao, nasi tuliobaki tukaupoteza? Kwa swali hilo tulianza kuitazama upya historia.

Ng'ambo ya kwanza ilikuwa Kitale

Watu wetu walianza kuhama kabla ya siku za ndege. Wakati wa ukoloni, wazazi na babu zetu wengi walivuka kwenda Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Leo ni safari ya matatu, lakini wakati huo mtu aliaga. Aliishi kwenye ardhi ya mwingine, kwa sheria za mwingine. Walibeba jembe, na wengine walibeba litungu. Jioni baada ya kazi, nyuzi zile saba au nane ziliwakumbusha ukoo wao na majina ya waliowatangulia. Kijana alipotahiriwa, ilibidi aimbiwe. Mzee alipokufa, ilibidi asemewe maneno ya kumuse. Nyimbo ziliendelea huko kwa sababu zilikuwa na kazi ya kufanya.

Nyimbo zilizokuja kwetu

Nasi pia tuliwahi kuwa wenyeji wa wageni walioimba. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni ya Friends huko Kaimosi. Wao ndio waliokuwa mbali na kwao, na walijifariji kwa tenzi za nyumbani. Tenzi hizo zikawa zetu, hata leo bibi zetu wanaziimba bila kitabu. Mwenzao Emory Rees alifasiri Agano Jipya kwa Luragoli, likatoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1951. Ndiyo maana wazee wa Friends hata upande huu wa Bungoma walisoma Neno kwa Luragoli kabla ya kulisoma kwa Lubukusu.

Lakini tenzi zilipoingia, mambo mengine yalitolewa nje. Wamisionari wengi wa siku hizo waliona ngoma na litungu kuwa mambo ya giza, na Mkristo mpya alitakiwa kuyaacha. Jambo hili liliuma. Elijah Masinde, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa muumini wa Friends, alianzisha Dini ya Msambwa akiwaita watu warudi kwenye mila, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948. Baadhi ya wazee wetu bado hawastareheki wakiona litungu kanisani, nasi tunawaheshimu. Wanajua lilikotoka jambo hilo kuliko sisi.

Waliokwenda mbali zaidi

Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa nchi hii waliingia King's African Rifles. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, huko Asia, na askari wake walitembea kwa nyimbo za Kiswahili, lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi. Fundi Konde, mpiga gitaa wa pwani ambaye Wakenya wengi wanamjua, alikuwa miongoni mwa waliowatumbuiza.

Kabla yao kuna waliopelekwa kwa lazima. Kwa karne nyingi Waafrika wa Mashariki walivushwa Bahari ya Hindi wakiwa watumwa. Wengine waliishia Oman na nchi nyingine za Ghuba, wengine India na Pakistan. Huko Ghuba, hadi leo, kuna ngoma iitwayo leiwa, inayochezwa kwa duara huku zumari na ngoma zikilia, na ndani yake yamo maneno ya Kiswahili. Kuna pia tanbura, ala yenye nyuzi sita inayohusishwa na Sudan na Nubia. Mchezaji mmoja hujifunga mkanda wa kwato za mbuzi unaolia anapotikisa kiuno. Mtu wa Chwele akiiona tanbura atasema, hii ni jamaa ya litungu, na huo mkanda ni ndugu wa chisasi.

Huko Gujarat, India, wako Wasiddi, wazao wa Waafrika. Ngoma yao wanaiita goma, na mtoto yeyote wa shule hapa atajua neno hilo limetoka wapi. Ngoma zao zinapigwa katika ibada kwenye kaburi la mtakatifu wao Bava Gor. Lakini lugha za Kiafrika hawazizungumzi tena. Yamebaki maneno machache ndani ya nyimbo, na wengi wanaoyaimba hawajui maana yake.

Mifano hii miwili ilitufanya tufikiri sana. Watu wale hawakuwa na simu wala kaseti, na hawakuwa na njia ya kurudi nyumbani kuuliza ubeti wa tatu. Hata hivyo ngoma yao ipo baada ya miaka mamia, kwa sababu iliendelea kutumika harusini, msibani na katika maombi. Wimbo haufi kwa sababu ya umbali. Unakufa ukikosa kazi. Na maana yake inakufa mapema zaidi, pale asipokuwepo wa kumweleza mtoto.

Ala zetu pia zinaweza kumlisha mtu ugenini. Ayub Ogada, Mkenya aliyepiga nyatiti, jirani wa litungu letu, alikwenda Uingereza miaka ya 1980, akapiga nyatiti barabarani na katika vituo vya treni za London. Hapo ndipo aliposikika. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 na ikamfikisha pande nyingi za dunia. Alifariki mwaka 2019.

Wenzetu wa leo

Wakenya waishio Marekani peke yake wamepita laki moja. Benki Kuu ilihesabu dola bilioni 4.9 ambazo Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani mwaka 2024, na sehemu ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyenu leo ilitoka kwao. Tunawashukuru kwa moyo wote.

Lakini tulipowauliza kuhusu nyimbo, walituambia mengine. Kwamba wanafanya kazi zamu mbili na bado wanaendesha gari saa nzima Jumapili jioni ili waimbe Kiswahili. Kwamba soprano wa Chwele anaimba huko bega kwa bega na Mkisii, Mluo na Mkikuyu, na kila mmoja amewafundisha wenzake wimbo wa kwao. Kwamba watoto wao wanaimba Lubukusu vizuri, lakini maneno wameandikiwa kama Kiingereza kinavyosomeka, na hawajui wanachosema. Mama mmoja alituambia mwanawe alimuuliza maana ya neno katika kiitikio, akagundua yeye mwenyewe hana hakika. Aliona aibu kumpigia mama yake kumuuliza.

Nasi tukaona aibu pia. Watoto wetu hapa Chwele wako vivyo hivyo. Tangu tuliponunua kinanda na kuanza kujifunza nyimbo za mashindano, nyimbo za Lubukusu tuliziacha kwa ajili ya mazishi tu, na hata huko tunaimba ubeti mmoja kisha spika inachukua nafasi. Kosa hilo si la mtu mmoja. Ni letu sote tulioongoza mazoezi miaka hii, na ofisi ya katibu ikiwa ya kwanza, kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwetu.

Tulilokubaliana

Kuanzia jubilii hii, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi itakuwa ya nyimbo za zamani. Mzee au mama mmoja ataalikwa kufundisha wimbo na kueleza maana ya kila neno. Wimbo utaandikwa katika madaftari mawili, moja likae ofisini na jingine nyumbani kwa mwenyekiti, na utarekodiwa na kutumwa kwa wenzetu. Nao watatutumia walizo nazo. Yeyote mwenye kaseti ya zamani ya kwaya, hata iliyokwama, tafadhali ailete kwenye meza iliyo karibu na mlango. Kuhusu litungu ndani ya ibada, wazee wataketi nasi. Hatutalifanya kwa nguvu.

Wimbo ule tutauimba leo baada ya mahubiri, kama saa tano asubuhi, beti zote tatu. Maneno yake na maana yake yako ukurasa wa mwisho. Simu itakuwa wazi. Ndugu yetu wa Doha, ambaye saa yake na yetu ni moja, ameomba ruhusa kazini. Dada yetu wa Minnesota kwake itakuwa saa tisa usiku. Amesema atakuwa macho.

Wenu katika Kristo,
Katibu, kwa niaba ya Kwaya